Jinsi ya Kufanya Hesabu ya Nafsi Vita Vinapopamba Moto

Kwa Kiebrania zoezi hili huitwa heshbon hanefesh. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni hesabu ya nafsi, yaani kuyapima matendo yako mwenyewe, na maneno yenyewe yana asili moja na yetu. Wayahudi hulikazia zaidi mwezi wa Eluli, kuelekea Yom Kipur, Siku ya Upatanisho, na pia wakati jamii imefikwa na vita. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba watu wakipatwa na dhiki kisha wakasema ndivyo dunia ilivyo, imetokea tu, huo ni ukatili, kwa sababu unawaacha na matendo yaleyale. Akafundisha pia kwamba kila mtu ajione yeye na dunia nzima wako nusu kwa nusu kwenye mizani, na tendo moja linatosha kuinamisha upande mmoja. Kwa hiyo taarifa ya habari isiishie kwenye kuhuzunika. Itafutiwe kitu kilicho mkononi mwako.

Tafuta daftari, kalamu, na dakika kumi kila usiku kabla ya kulala.

Chora jedwali la mistari 13 na safu 7. Mpangilio huu ni wa Rabi Menahem Mendel Lefin, aliyetoa kitabu chake mwaka 1808, naye aliuchukua kwa Mmarekani Benjamin Franklin. Kila mstari ni tabia moja (utulivu, subira, utaratibu, unyenyekevu, haki, kunyamaza, ukweli na nyinginezo), kila safu ni siku. Wiki moja, tabia moja ndiyo inayolindwa kwa nguvu zote. Wiki 13 zikiisha unaanza upya, na kwa mwaka inakuwa mizunguko minne. Ukiteleza, tia nukta tu. Usiandike maelezo, maana maelezo hugeuka utetezi. Anayeshika Sabato haandiki tangu Ijumaa jua likizama, hivyo nukta za siku hiyo huzitia Jumamosi usiku, nyota zikishatoka.

Tabia ya kwanza ya Lefin ni menuhat hanefesh, utulivu wa nafsi, na vita ndiyo hasa huivuruga. Tuseme Jumatatu umefungua simu saa nane usiku kutazama mashambulizi: nukta. Asubuhi umemfokea mtoto kwa hasira ya picha uliyoiona: nukta. Mchana umesambaza habari ambayo hukuithibitisha: hiyo itie kwenye mstari wa kunyamaza, si wa utulivu. Ndani ya siku nne utaona nukta zinarundikana saa fulani au baada ya mtu fulani kukutumia ujumbe. Hapo ndipo pa kushika.

Sasa ingia kwenye teshuva, yaani kurejea. Kwa Maimonides ina sehemu hizi: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kulikiri kwa mdomo. Wengi huruka hiyo ya mwisho wakidhani moyo unatosha. Hautoshi. Litamke kosa kwa jina lake, kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Na kama ulimkosea mtu, Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema wazi kwamba hata Yom Kipur haikufutii mpaka umemridhisha. Yule mtoto uliyemfokea anangoja kuombwa radhi kabla hujafungua Zaburi.

Azimio liwe dogo kupita unavyopenda. Rabi Israel Salanter, aliyeanzisha harakati ya Musari, yaani ya malezi ya tabia, huko Lithuania katika karne ya 19, hunukuliwa akisema kubadili tabia moja ni kugumu kuliko kujifunza Talmudi yote, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi. Anayeazimia "sitakasirika tena" huwa ameliacha daftari wiki ya pili. Sema: sitazami habari kabla sijawasalimu watu wa nyumbani. Sadaka nayo ifuate njia hiyo. Maimonides anaona kutoa sarafu moja mara elfu kunafunza mkono ukarimu kuliko kutoa elfu kwa mkupuo, basi shilingi 1,000 kila siku kwa siku 30 itakujenga zaidi ya 30,000 za siku moja.

Katika Zaburi, zinazosomwa sana wakati wa hatari ni ya 20, 83, 121 na 130. Ukisoma na Myahudi, kumbuka kwamba katika Biblia ya Kiebrania kichwa cha zaburi mara nyingi huhesabiwa kuwa aya ya kwanza, hivyo Zaburi ya 20 kwao ina aya 10, kwetu 9. Ya 83 inaomba maadui waangamizwe, na hapo ndipo mtu huteleza. Talmudi inasimulia Rabi Meir alivyowaombea kifo majambazi wa mtaani kwake. Mkewe Beruria akamrudisha kwenye Zaburi 104:35: isome dhambi ziishe, si wenye dhambi, nawe waombee watubu. Akawaombea, wakatubu. Mithali 24:17 nayo inakataza kufurahia anguko la adui, na usiku wa Pasaka Wayahudi humwaga matone ya divai kwa kila pigo la Misri. Wengi hueleza kwamba kikombe hakijai shangwe pale wengine walipokufa.

Kosa baya kuliko yote ni kuigeuza hesabu hii kuelekea kwa mwingine. Talmudi inamwambia anayeteseka achunguze matendo yake, lakini pia inakukataza wewe kumwambia aliyefikwa na msiba kwamba ni malipo ya dhambi zake, kama rafiki zake Ayubu walivyofanya. Inaliita hilo kuumiza kwa maneno. Kwa hiyo usieleze vita vimeletwa na dhambi ya nani. Kwa aliyebomolewa nyumba peleka blanketi na chakula, ukae naye, na daftari uliache kwako.

Wiki ya 13 ikifika, linganisha karatasi ya kwanza na ya mwisho mbele ya mtu mmoja anayekujua vizuri, umsomee nukta bila kujitetea. Mstari ambao nukta hazikupungua hata moja ndio utakaoanza nao mzunguko wa pili, na azimio lake ulikate nusu.