Somo: Kubadili draiva za CNC ndogo ya 3018, na namna ya kusoma kosa

Draiva (kifaa kinachoendesha mota) ya mhimili wa X kwenye 3018 yangu, mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, iliungua kwa uzembe wangu mwenyewe: nilichomoa plagi ya mota umeme ukiwa umewaka. Bodi yake ina draiva za A4988 zilizochomelewa moja kwa moja, huwezi kuchomoa moja ukapachika nyingine. Nikaitoa bodi nzima, nikaweka bodi ya Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu inayogeuza amri za kompyuta kuwa mwendo wa mota) na draiva tatu za nje, DM542. Mota nimebaki na zilezile, stepa (mota zinazozunguka kwa hatua ndogondogo) za saizi ya NEMA 17, ampia 1.3. Wengi hukimbilia kununua mota kubwa, ilhali mota ndiyo kifaa kinachokufa mara chache kuliko vyote humo ndani.

1. Tafuta jozi za waya za mota. Chomoa umeme ukutani kwanza. Rangi za waya zisikudanganye, kila kiwanda na zake. Pima kwa multimita: waya mbili za koili moja zitaonyesha omu chache, za koili tofauti hazitaonyesha kitu. Huna multimita? Gusanisha waya mbili, kisha zungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito ghafla, hiyo ni jozi. Jozi moja inaingia A+ na A-, nyingine B+ na B-.

2. Panga viswichi vya draiva. Kwa mota hizi nimeweka ampia 1.46. Namba hiyo kwenye DM542 ni ya kilele, kwa hiyo wastani wake ni kama ampia 1 tu. SW4 iache OFF, ili mota ikisimama ipewe nusu ya mkondo. Hatua nimeweka 1600 kwa mzunguko.

3. Waya za ishara. PUL ni mapigo ya hatua, DIR ni mwelekeo, ENA ni ya kuwasha au kuzima draiva. PUL-, DIR- na GND ya Arduino ziunganishwe pamoja. PUL+ za X, Y na Z zinakwenda pini 2, 3 na 4. DIR+ zinakwenda 5, 6 na 7. ENA iache wazi, draiva itakuwa hai muda wote. Spindo (mota inayozungusha kisu) kwa sasa naiwasha kwa swichi ya mkono.

4. Umeme. Pawasaplai ya zamani ya volti 24 inatosha, kwani DM542 huanzia volti 20. Kila draiva ipewe waya zake kutoka kwenye pawasaplai, usizirukishe kutoka draiva moja hadi nyingine.

5. Namba za GRBL. Skrubu ya mashine yangu husogeza milimita 4 kwa mzunguko. 1600 gawa kwa 4 ni 400, basi $100=400 (hatua kwa milimita za X), na $101 na $102 za Y na Z vivyo hivyo. Kiwandani ilikuwa 800. Kwa nini nimepunguza? GRBL kwenye Uno hutoa takriban mapigo 30,000 kwa sekunde. Ukiwa na 800 kwa milimita, ukomo ni milimita 2,250 kwa dakika. Ukiwa na 400, ni 4,500. Hatua ndogondogo zaidi hazikupi usahihi wa kweli kwenye skrubu ya bei hii. $110 (kasi ya juu) na $120 (uongezaji kasi) anza chini, panda taratibu.

6. Jaribu kabla ya kukata mbao. Hapa ndipo ningependa mtulie. Funga kalamu mahali pa spindo, chora alama, peleka mhimili milimita 100 na kuurudisha mara kumi, kisha chora tena palepale.

Alama ikisogea, na ikazidi kusogea kila ukirudia, unapoteza hatua: kasi kubwa mno, mkondo mdogo, au kaplingi (kiungo cha shafti ya mota na skrubu) inateleza. Kabla ya kugusa namba yoyote, piga mstari wa maka pen kutoka kaplingi hadi shafti. Mstari ukivunjika, kaza skrubu ya kaplingi.

Alama ikirudi palepale lakini ukipima urefu unapata 50 badala ya 100, hesabu yako ya hatua au viswichi vimekosewa.

Urefu ukiwa sawa ila duara linatoka na mabega bapa, huo ni mchezo (ulegevu) wa nati kwenye skrubu. Hapo draiva ya milioni haitakusaidia.

Na ukipata 99.2 badala ya 100, tafadhali usirekebishe $100 ili ifanane na rula. Skrubu haibadiliki urefu. Tafuta kilicholegea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mota yangu inanguruma na kutetema lakini haizunguki. Imekufa?*

Hapana, kaka. Umechanganya jozi, au waya mmoja umekatika. Rudi hatua ya 1, na utikise waya wakati unapima. Iliyokatikia ndani ya plagi hujificha.

*Mota zina joto, siwezi kushika sekunde tano. Nipunguze mkondo?*

Stepa hupata joto hata ikiwa imesimama, nyingi huvumilia hadi nyuzi 80. Kama hazipotezi hatua, shusha mkondo daraja moja ujaribu tena.

*Fundi, nikiwasha spindo, kompyuta inapoteza mawasiliano na mashine.*

Spindo ya 3018 ina brashi, na brashi hutoa cheche. Chomelea kapasita ya nanofaradi 100 kwenye teminali zake mbili, sokota waya zake, uziweke mbali na waya wa USB na wa swichi za mwisho wa mhimili. Waya wa USB nao uwe mfupi.

*Nimejaribu yote, dada. Mistari mirefu iko sawa, ila nikichonga maandishi madogo, kazi inahama upande mmoja polepole.*

Swali zuri kuliko yote. Kosa lako linakua kwa idadi ya kugeuka, si kwa umbali. DM542 inataka ishara ya DIR itangulie pigo kwa maikrosekunde 5 hivi, na GRBL hutuma karibu kwa pamoja. Fungua faili ya config.h ya GRBL, washa STEP_PULSE_DELAY ya 10, pakia upya. Kisha chonga maandishi yaleyale kwenye kipande cha mabaki, utuambie.