Kuchagua njia ya Kilimanjaro kwa kuusoma mlima wenyewe

Wengi huchagua njia kwa bei na idadi ya siku. Anza na ardhi. Andika urefu wa kila kambi utakayolala, kisha toa wa jana katika wa leo. Ukishapita mita 3,000, kupanda mita 1,000 kati ya usiku mmoja na unaofuata ni kasi kubwa mno kwa mwili.

Njia ya Marangu inasifiwa kuwa rahisi: ni pana, inapanda taratibu, na unalala kitandani ndani ya kibanda. Lakini fanya hesabu ya kambi zake: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Dawa yake ni usiku wa pili Horombo. Siku hiyo panda hadi miamba ya Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha rudi ulale palepale, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Usiifute siku hii ili kuokoa ada ya hifadhi. Wanaoifuta ndio hufika Kibo wakitapika, kichwa kikiwauma.

Njia ya Machame inakupandisha na kukushusha hivyohivyo kwa umbo lake lenyewe. Unapita mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Asubuhi yake unakabiliwa na ukuta wa Barranco, kama mita 250 za kukwea kwa mikono na miguu. Kamba haihitajiki, ila mwenye goti bovu au anayeogopa mahali pa juu aambiwe mapema, kabla hajalipa. Bonde la Karanga ndipo penye maji ya mwisho, kwa hiyo maji ya Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hubebwa na wapagazi. Weka wapagazi wa kutosha: mzigo wa mmoja usizidi kilo 20. Kumzidishia mtu kwenye ukuta ule ni kumweka hatarini, na hilo halina udhuru.

Upande wa Shira, magharibi mwa mlima, gari hufika karibu mita 3,500. Hapo pana mtego. Miguu imepumzika, lakini mapafu yametoka bondeni asubuhi hiyohiyo. Kwa matembezi ya mchana panafaa. Kwa usiku wa kwanza wa safari ya kileleni, hapana.

Msimu nao hubadili njia. Kusini hunyesha zaidi, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa msituni Machame huteleza vibaya. Rongai, upande wa kaskazini, ni pakavu zaidi, ingawa gari hulazimika kuuzunguka mlima kupitia Rombo.

Usiku wa mwisho kupitia Kibo ni karibu mita 1,000 za changarawe hadi Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta. Watu huondoka usiku wa manane kwa sababu changarawe ikiganda hushika. Jua likipanda, kila hatua unarudi nusu. Beba magongo mawili, hasa kwa kushukia: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, wanakoshukia waliopanda kwa Machame, ni kama mita 2,800 kwa siku moja, na magoti huumia hapo.

Muulize mwongozaji mgonjwa atashushwaje. Kwa Marangu, gari la dharura huweza kufika Horombo. Juu ya hapo mara nyingi ni machela ya gurudumu moja na nguvu za watu.

Wazee, watoto na asiyetaka kilele waende Mandara na kurudi siku hiyohiyo: saa tatu hivi za kupanda msituni, na kreta ya Maundi ni mwendo wa robo saa tu kutoka vibandani.