Vifaa nane, matundu mawili: namna ya kuunganisha laptopu visikatike katikati ya kazi

"Fundi, kila nikiskani kitambulisho cha mteja, diski inapotea."

Dada aliyeniambia hivyo ana steshenari Morogoro. Alikuwa na laptopu yenye matundu mawili ya USB na moja la HDMI. Mezani kulikuwa na printa, skana bapa, kamera ya kupigia picha za paspoti, diski ya nje yenye kazi zote za wateja, kipanya, kibodi, skrini ya pili na flashi zinazoingia na kutoka kutwa nzima. Vyote, isipokuwa skrini, vilining'inia kwenye habu moja, yaani kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne au saba. Alikwishabadilisha diski mara moja akidhani ni mbovu. Diski ile ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inakosa umeme.

Nimefunga mashine nyingi za namna hii, na karibu kila ninapoitwa chanzo huwa umeme au njia ya data. Mtu hununua habu kwa kuhesabu matundu, kumbe tundu ni mlango tu. Kinachopita mlangoni ndicho cha kuhesabu.

Hatua ya 1: Orodhesha vifaa kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi. Andika kila kifaa, kisha pembeni jibu maswali mawili: kinachomekwa ukutani, au kinakula umeme wa laptopu? Na kinapitisha data nyingi, au kidogo?

Printa ina umeme wake, kwa hiyo waya wake wa USB hubeba data tu. Kipanya na kibodi hula kidogo na hupitisha kidogo. Diski ya nje ndogo, ya inchi 2.5, hula sana na hupitisha sana. Skana nyembamba isiyo na adapta ndiyo huwadanganya wengi: ikiwa imetulia haina shida, lakini taa na mota vikianza kufanya kazi inavuta umeme kwa ghafla. Hapo ndipo diski ya yule dada ilipokuwa inazimika.

Hatua ya 2: Yajue matundu ya laptopu yako

Tundu lenye ulimi wa buluu, au alama ya SS, kwa kawaida ni USB 3. Jeusi au jeupe mara nyingi ni USB 2, ingawa kuna watengenezaji wasiofuata rangi, kwa hiyo hakikisha kwenye maelezo ya modeli yako. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, kasi yake ya juu ni megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0 ilitoka 2008 ikaipandisha hadi gigabiti 5.

Kwa tundu la Type-C, lile dogo lenye kona za mviringo, usiamini umbo. Umbo ni moja, lakini ndani kuna la data pekee, kuna linalochaji laptopu, na kuna linalotoa picha kwenda kwenye skrini. Alama ya radi yenye mshale huonyesha Thunderbolt, ambalo kwa kawaida hufanya yote. Ukikuta herufi D ya DisplayPort, picha inatoka. Pasipo na alama, soma maelezo ya modeli kabla hujatoa hela. Nimeona watu wakinunua habu nzuri yenye HDMI na skrini ikabaki nyeusi, kwa sababu tundu la laptopu halikuwahi kutengenezwa litoe picha. Hakuna draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, itakayolirekebisha.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme

Usiiruke hatua hii, hata kama hesabu si rafiki yako.

Kwa kiwango cha kawaida, tundu la USB 2 hutoa miliampea 500 kwa volti 5. La USB 3 hutoa miliampea 900. Ukichomeka habu isiyo na adapta yake, vifaa vyote vilivyo juu yake vinagawana kiasi hichohicho, na habu yenyewe inakula sehemu. Matundu yameongezeka, umeme haujaongezeka.

Hesabu ya yule dada, kwa kusoma maandishi ya chini ya kila kifaa, ilikuwa hivi: skana 500, diski 500, kamera 250, kipanya 100, kibodi 100. Jumla 1,450, bila flashi hata moja. Tundu lake lilikuwa na uwezo wa 900. Tena diski hiyo, sekunde zile za kwanza inapoanza kuzunguka, huvuta zaidi ya ilivyoandikwa.

Usipopata maandishi kwenye kifaa, na unatumia Linux, amri ya `lsusb -v` itakuonyesha mstari wa MaxPower, yaani kiwango cha juu ambacho kifaa kimeomba. Dalili za upungufu huonekana hata bila amri: diski inayogonga tik-tik bila kufunguka, sauti ya Windows ya kuchomoka na kuchomeka inayojirudia yenyewe, au ujumbe wa "Power surge on the USB port". Ukisikia diski ikigonga hivyo, ichomoe mara moja. Kila inapozimika katikati ya kuandika, mafaili yako yako hatarini.

Hatua ya 4: Nunua habu yenye adapta yake

Kwa kazi ya kila siku, habu inayochomekwa ukutani ndiyo ninayoipendekeza. Tazama mambo haya ukiwa bado dukani.

Adapta isome kwa macho yako. Habu ya matundu saba yenye adapta ya volti 5 na ampea 1 ni matundu saba ya jina tu. Chukua jumla ya vifaa utakavyoweka juu ya habu, ongeza theluthi. Kwa steshenari ile, tuliondoa diski kwenye habu (sababu inakuja), tukaongeza flashi mbili kwa makadirio ya 200 kila moja, ikawa 1,350. Ukiongeza theluthi unapata 1,800, kwa hiyo adapta ya ampea 2 ingetosha. Mimi nilimchagulia ya ampea 3, maana vifaa huongezeka.

Pili, kagua kama inarudisha umeme nyuma. Habu za bei ya chini kabisa hukosa kizuizi, na umeme wa adapta hupanda kwenye waya kuelekea laptopu. Jaribio ni rahisi: zima kabisa laptopu, chomeka habu na adapta yake, halafu angalia. Laptopu ikiwasha taa ambayo haikuwa inawaka, irudishe dukani habu hiyo. Kwa kutuliza moyo zaidi, pima kwa multimita ncha ya waya unaoingia kwenye laptopu huku adapta ikiwa imewashwa: isionyeshe volti 5.

Tatu, waya kati ya habu na laptopu uwe mfupi. Nusu mita hadi mita moja yatosha.

Kuna jambo moja ambalo wenye steshenari hawaambiwi. Tundu la kawaida la USB, lile pana, kiwango chake cha uimara ni kuchomeka na kuchomoa mara 1,500. La Type-C ni mara 10,000. Duka linalopokea flashi 30 kwa siku linamaliza hizo 1,500 kwa siku 50! Ndiyo maana flashi za wateja ziingie kwenye habu, kamwe si kwenye laptopu. Habu ikilegea unanunua nyingine. Tundu la laptopu likilegea, ubao mama unakwenda mezani kwa fundi na duka linafungwa siku hiyo.

Hatua ya 5: Gawa njia

Umeme ukishatosha, bado kuna foleni ya data. Vifaa vyote vya habu hupita waya mmoja kwenda kwenye laptopu, kama mitaa saba inayomwaga magari kwenye barabara moja.

Diski niliipa tundu lake kwenye laptopu, lile la buluu. Habu ikachukua tundu la pili, na juu yake printa, skana, kamera, kipanya, kibodi na flashi. Skrini ikabaki kwenye HDMI. Hapo kila kizito kina njia yake.

Kamera zinahitaji uangalifu wa pekee. Kamera ya USB huomba itengewe nafasi yake kwenye njia muda wote inapofanya kazi, tofauti na printa inayoweza kusubiri zamu. Kamera mbili za USB 2 kwenye habu moja mara nyingi hugombana: ya kwanza inafunguka, ya pili inakataa au inatoa picha nyeusi. Wanaorusha harusi na ibada mtandaoni wanalijua tatizo hili. Weka kila kamera kwenye tundu lake la laptopu, au shusha ubora wa picha ya mojawapo. Kujua kama matundu mawili yanashiriki njia ndani ya mashine, tumia `lsusb -t` kwenye Linux. Kwenye Windows fungua `devmgmt.msc`, kisha menyu ya View, chagua "Devices by connection". Utauona mti mzima, nani ananing'inia wapi, pamoja na kamera ya ndani ya laptopu, ambayo mara nyingi nayo iko kwenye USB.

Usichomeke habu juu ya habu. Kanuni za USB zinaruhusu hadi habu tano kwenye mstari mmoja, na vifaa 127 kwa jumla, lakini hiyo ni namba ya karatasini. Kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea.

Na kama kipanya chako kisicho na waya kinarukaruka, usikitupe. Vifaa vya USB 3 vinapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na hayo ndiyo masafa ya vipanya vingi. Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Kipokezi kilichochomekwa jirani na diski ya USB 3 hupoteza mawasiliano. Kihamishie tundu la mbali, au kiweke kwenye kebo fupi ya kurefusha. Sentimita 20 au 30 huleta tofauti.

Hatua ya 6: Skrini

Laptopu ikiwa na HDMI, itumie hiyo kwanza. Kama lazima upitie habu ya Type-C, fahamu kwamba nyingi hutoa picha ya 4K kwa mara 30 tu kwa sekunde, na utauona mshale ukivuta miguu. Kwa skrini ya kawaida ya 1080 hutagundua lolote. Skrini mbili juu ya habu moja ni suala la mashine: MacBook Air yenye chipu ya M1 inakubali skrini moja tu ya nje, hata uchomeke nini. Vifaa vya DisplayLink, vinavyopitisha picha kama data ya USB, huvuka kikwazo hicho kwa kusakinisha draiva, ila picha inatengenezwa kwa nguvu ya prosesa, hivyo si vya kuhariri video.

Ukichaji laptopu kupitia habu hiyohiyo, kumbuka habu hujikatia fungu lake. Chaji ya wati 65 haitafika yote.

Hatua ya 7: Chomeka kimoja kimoja, kisha kitese

Anza na habu tupu. Ongeza kifaa, subiri kitambulike, kitumie, ndipo uongeze kingine. Ukichomeka vyote kwa mkupuo na kimoja kikagoma, hutajua wa kulaumiwa.

Halafu fanya jaribio la kweli. Nakili folda ya gigabaiti 10 kwenda kwenye diski huku unaskani, kamera imewashwa na printa inatoa kurasa. Angalia saa. Diski ya kuzunguka kwenye USB 3 humaliza kwa dakika mbili hivi. Ikichukua dakika tano au zaidi, huenda imeangukia kasi ya USB 2, na mara nyingi mkosaji ni waya. Printa ikiwa mbali, usivuke mita 5 kwa waya wa USB 2, wala mita 3 hivi kwa USB 3. Zaidi ya hapo tumia printa ya mtandao.

Kwenye Windows, ondoa pia usingizi wa USB. Ndani ya Device Manager (ile ya `devmgmt.msc`) fungua kila "USB Root Hub", kwenye "Power Management" ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kisha kwenye Power Options, weka "USB selective suspend" iwe Disabled. Skana inayopotea baada ya chakula cha mchana mara nyingi hupona hapa.

Hatua ya 8: Jiandae kwa umeme kukatika

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri, lakini habu inapoteza adapta yake papo hapo. Kilichokuwa kinaandikwa kwenye diski iliyo juu yake kinakatika katikati. Hii ndiyo sababu kubwa ya diski kukaa kwenye laptopu moja kwa moja: pale inalindwa na betri. Kama huna namna ila kuiweka kwenye habu, adapta ya habu ichomekwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.

Mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika na karatasi ya gundi, uandike kila adapta ni ya nini. Kwenye ekstensheni moja ya yule dada kulikuwa na adapta ya habu ya volti 5 na ya ruta ya volti 12, ncha zake sawasawa. Umeme unarudi usiku, mtu anapapasa gizani na kuchomeka ya ruta kwenye habu, na volti 12 zinaingia mahali pa 5. Tuliandika HABU 5V kwa herufi kubwa, pande zote mbili.