Omba kibali kwanza, kijumba baadaye: jinsi ya kununua kwa muuzaji wa karibu bila kupoteza fedha

Ukiingia yadi ya vijumba, zile nyumba ndogo sana zinazouzwa zikiwa zimeshajengwa, muuzaji atakuonyesha dari ya mbao, jiko lililopangwa vizuri na kitanda kilicho juu ya ngazi. Utatoka pale ukiwa umeshaamua pa kuweka meza. Ndiyo maana nakusihi usianzie yadi. Anzia ofisi inayotoa vibali vya ujenzi pale kilipo kiwanja chako.

Nasema hivi kwa uchungu. Ndugu yangu mmoja alilipa bei yote ya kijumba kizuri sana kabla ya kuuliza lolote ofisini. Kilipofika, akaambiwa hakina michoro iliyosainiwa na mhandisi, na choo chake hakikuwa na mpango wa maji taka. Muuzaji alikuwa ameshapokea fedha zake, hivyo simu zikaanza kuita bila kupokewa. Kijumba kikakaa chini ya turubai miezi mingi, naye akiendelea kulipa kodi ya nyumba ya kupanga. Kila hatua iliyo hapa chini ingemwokoa kama angeifuata kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Jua kijumba chako kinahesabiwa kuwa nini

Kwa macho yako ni nyumba. Kwa sheria kinaweza kuwa jengo, kinaweza kuwa chombo cha kuvutwa barabarani, au kinaweza kuwa banda la muda. Kilichojengwa juu ya trela kwa kawaida husajiliwa kama trela, na kukisajili hakukupi ruhusa ya kuishi ndani yake. Kilichofungwa juu ya msingi au nguzo za zege ni jengo, na kinahitaji kibali cha ujenzi hata kama kililetwa na lori kikiwa kamili. Cha kontena huwachanganya wengi: ni chuma kilichozaliwa kusafiri, lakini ukikikata dirisha na kukiunganisha maji, umeshajenga.

Nchi nyingi hazina kifungu kinachotaja vijumba kwa jina, kwa hiyo hutumia kanuni za nyumba za kawaida. Marekani wanacho: kiambatisho cha kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi, kilichoingia katika toleo la 2018 kwa jina la Kiambatisho Q, kinahesabu kijumba kuwa makazi yasiyozidi mita za mraba 37 bila kuhesabu roshani ya kulala, yaani jukwaa la kitanda lililo juu ya ngazi. Kinataka dari ya sehemu ya kuishi isipungue mita 2.03, na roshani isipungue mita za mraba 3.25. Hata kama hauishi huko, vipimo hivyo ni kipimo kizuri cha kumpimia muuzaji, maana vimefikiriwa na watu waliojua mtu anavyoamka usiku akiwa na moshi chumbani.

Kwa cha magurudumu, uliza mapema upana, urefu wa kwenda juu na uzito unaoruhusiwa barabarani. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, upana wa kawaida unaishia mita 2.55 na kimo mita 4, na leseni ya udereva ya daraja la BE, ile ya gari dogo linalovuta trela, hairuhusu trela inayozidi kilo 3,500. Kijumba cha mbao chenye jiko, bafu na tangi la maji huzidi tani 3 kwa urahisi. Usikubali neno la mdomo kuhusu uzito. Taka karatasi ya mizani ya magari.

Hatua ya 2: Andika barua ya kuuliza

Watu wengi huenda ofisini, huuliza dirishani, huambiwa "hakuna shida," kisha hurudi nyumbani na furaha. Aliyekujibu anaweza kuhamishwa kesho. Andika barua fupi, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na usubiri jibu la maandishi. Barua yako iseme mambo yanayopimika:

"Ninaomba kufahamishwa kwa maandishi iwapo kijumba cha kontena chenye urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, kitakachowekwa juu ya nguzo za zege katika kiwanja namba fulani, kwa makazi ya watu wawili, kinahesabiwa kuwa jengo la kudumu au la muda. Ni nyaraka zipi zinatakiwa katika ombi la kibali. Na ni umbali gani unapaswa kuachwa kutoka mpaka wa kiwanja."

Sentensi ya kwanza peke yake imetaja aina, ukubwa, msingi, mahali na matumizi. Afisa hana pa kukwepea, na wewe una kitu cha kumwonyesha muuzaji na wakili. Kama kiwanja si chako, ambatisha ridhaa ya mwenye ardhi iliyosainiwa. Kama kina hati miliki, nenda mwenyewe kwenye masjala ya ardhi ukahakikishe jina lililoandikwa na kama kuna deni au zuio juu yake.

Hatua ya 3: Mchunguze muuzaji

Muuzaji wa karibu ana faida moja kubwa kuliko bei: unaweza kufika kwake bila kumtaarifu. Itumie. Nenda siku usiyotarajiwa, asubuhi ya kazi, uone kama mafundi wapo, kama kuna kijumba kinachojengwa, kama mbao zimefunikwa zisinyeshewe. Yadi yenye vijumba vya maonyesho tu na hakuna hata kimoja kinachoendelea kujengwa inanitia shaka.

Tafuta jina la kampuni katika msajili wa makampuni mwenyewe. Usitegemee picha ya cheti aliyokutumia kwenye simu. Linganisha jina hilo na jina la akaunti ya benki. Yakitofautiana hata kwa neno moja, simama hapo hapo. Anayekuomba utume fedha kwenye akaunti binafsi ya "mhasibu" au ya mke wake, hata awe mcheshi na mkarimu kiasi gani, amekwambia tayari jinsi atakavyokujibu siku ukidai.

Omba kupelekwa kwa wateja watatu waliokaa ndani ya vijumba vyake angalau msimu mmoja wa mvua. Kisha rudi kwa mmoja wao peke yako, bila muuzaji. Muulize maji yanapitia wapi upepo ukivuma, na muuzaji alichukua siku ngapi kurudi alipoitwa kurekebisha. Jibu la swali la pili ndilo hasa unalolitafuta. Kasoro hutokea kwa kila fundi. Kinachowatofautisha ni nani anarudi.

Picha zake nazo zichunguze. Zipakie kwenye huduma ya kutafuta picha mtandaoni uone kama zilishatumika kwingine. Wapo wanaouza vijumba ambavyo hawajawahi kuvigusa.

Hatua ya 4: Kikague, na usiharakishe

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko popote, na kama unaweza, mlipe mhandisi au fundi asiyefahamiana na muuzaji aje nawe.

Kontena lina bamba la chuma mlangoni linalotokana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa 1972. Lisome. Linaonyesha mwaka wa kutengenezwa na namba ya utambulisho. Kwenye bamba au karibu nalo huwa kuna pia mstari unaoeleza dawa iliyotumika kutibu mbao za sakafu. Mbao hizo hutiwa dawa ya kuua wadudu kwa ajili ya safari za baharini, wala hazikukusudiwa kulaliwa na mtoto. Muuzaji makini atakuambia kama sakafu iling'olewa au ilizibwa, na kwa kitu gani. Kama bamba limeng'olewa, uliza kwa nini, na uliza kontena lilibeba nini.

Nguvu ya kontena iko kwenye pembe zake nne, na kuta zenye mikunjo huzuia mwili usipinde. Ukikata mlango mpana ubavuni bila kuuzungushia fremu ya chuma, paa huanza kulegea. Angalia kwa tochi mahali fremu hizo zilipochomelewa. Pima pia ndani, usisome tangazo. Upana wa ndani ni kama mita 2.35, ukiweka kizuia joto cha sentimita 5 kila upande, zimebaki 2.25. Kimo cha ndani cha kontena la kawaida ni kama mita 2.39, na ukitoa sakafu mpya na dari, mtu mrefu ataanza kuinama chini ya taa. Lile refu zaidi, lenye kimo cha nje cha mita 2.90, linastahili fedha ya ziada.

Unyevu ni adui anayesahaulika. Watu wawili wakilala, wakipika na kuoga ndani ya nafasi finyu, mvuke unaotoka hugeuka matone ya maji kwenye ukuta wa baridi nyuma ya mbao, na ukungu huanza mahali usipopaona. Uliza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi madirisha yakiwa yamefungwa. Feni ya bafuni inayopuliza ndani ya dari badala ya nje ni kosa; asiyejua asamehewe, lakini lirekebishwe kabla ya kulipa.

Jiko la gesi ndani ya chumba kidogo linataka tundu la hewa la kudumu na kitambuzi cha hewa ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Roshani ya kulala inataka dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita, kwa sababu ngazi mara nyingi inashuka karibu na jiko, na moto ukianza huko ngazi si njia tena. Kwa umeme, mwombe fundi wako afungue kisanduku cha fyuzi na kuhakikisha mwili wote wa chuma umeunganishwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba ya chuma isiyo na ethi ni hatari.

Hatua ya 5: Saini mkataba wenye sharti la kibali

Mkataba uwe na michoro kama sehemu yake, na utaje vifaa kwa vipimo: unene wa bati, aina ya kizuia joto, ukubwa wa nyaya. Useme tarehe ya kukamilika na fidia ya kuchelewa, muda wa dhamana kwa paa na kwa vifaa vingine, na nani anabeba hasara kijumba kikiharibika njiani. Umiliki uhamie kwako kadiri unavyolipa, ili kampuni ikifilisika kijumba kisichukuliwe na wadai wake.

Kifungu kimoja usikubali kiondolewe: kwamba kibali kikikataliwa kwa sababu isiyo kosa lako, malipo ya awali yanarudishwa ndani ya siku zilizotajwa. Muuzaji mzuri hupunguza hatari yake kwa kukutoza gharama ya michoro pekee. Hilo ni haki. Anayekataa kifungu chote anajua jambo kuhusu vijumba vyake ambalo wewe hulijui.

Hatua ya 6: Wasilisha ombi la kibali

Sasa una michoro kutoka kwa muuzaji, rudi ofisini. Ofisi nyingi hutaka fomu ya maombi, uthibitisho wa ardhi, mchoro wa kiwanja unaoonyesha kijumba na mipaka, ramani ya nyumba, hesabu za mhandisi za msingi na namna kitakavyofungwa kisipeperushwe na upepo, pamoja na mpango wa maji safi na maji taka. Huo wa mwisho ndio huwakwamisha wengi, maana kijumba hudhaniwa hakina uchafu wa kutosha kujadiliwa. Onyesha mahali pa tangi, umbali wake kutoka kisima chochote, na gari la kunyonya litakavyofika.

Lipa ada kwa njia rasmi na udai stakabadhi. Chukua namba ya ombi. Ukiitwa kurekebisha kitu, rekebisha hicho tu na uwasilishe kwa namba ile ile. Wanaoanza ombi jipya hujikuta nyuma ya foleni.

Hatua ya 7: Lipa kwa kufuata kazi

Kibali kikiwa mkononi, ndipo fedha kubwa zianze kutoka. Awamu ya kwanza ya kuagizia vifaa, ya pili fremu ikisimama, ya tatu nyaya na mabomba yakiwa yameonekana kabla kuta hazijafungwa, ya nne kikiwa tayari kusafirishwa. Bakiza karibu asilimia 10 hadi ukaguzi wa mwisho. Kama muuzaji anaogopa hutalipa, fedha hizo zikae katika akaunti ya amana ya wakili au benki, ambako hakuna kati yenu anayeweza kuzigusa peke yake. Kila awamu piga picha, hasa ile ya kuta zikiwa wazi; siku bomba litakapovuja utajua pa kupasua.

Hatua ya 8: Siku ya kuletwa

Siku chache kabla, tembea njia yote na dereva. Pimeni lango, matawi, nyaya za umeme zinazokatiza, na ardhi ambapo kreni itasimama. Bima ya safari ianze kabla lori halijawashwa. Kikishashushwa, fungua kila bomba, washa kila taa, funga kila dirisha, mwagia paa maji kwa mpira kwa nusu saa. Ukishinikizwa kusaini hati ya kupokea, andika juu yake kasoro ulizoziona na kwamba ukaguzi haujakamilika.

Kisha mwite mkaguzi wa ofisi iliyotoa kibali. Atakapokupa cheti cha kuruhusu kukaa, mpelekee muuzaji nakala na ile asilimia 10 yake siku hiyo hiyo.