Kupiga picha Taktsang ukungu ukitanda

Wapiga picha wengi wakifika Paro, Bhutan, wakaukuta mlima umefunikwa, hurudi hotelini kulala. Mimi hiyo ndiyo siku ninayoiombea. Hekalu la Taktsang limepigwa picha juani mpaka limechosha: kuta nyeupe, paa za dhahabu, mbingu ya buluu, kama kalenda ya benki. Ukungu ukipita ndipo jengo hilo, lililogandia kwenye genge mita 900 hivi juu ya bonde, linapofanana na hadithi yake ya Guru Padmasambhava, mwalimu wa Kibudha, kutua pangoni karne ya 8 akiwa mgongoni mwa chui milia jike.

Hatua ya 1: Jizoeze kwenu kwanza

Bhutan inamtoza mgeni ada ya dola 100 kwa kila usiku, mbali na hoteli na tiketi ya ndege. Si mahali pa kwenda kujifunzia vitufe vya kamera. Panda Lushoto asubuhi ya Juni, au Limuru kama uko Kenya, utafute ukuta mweupe uliomezwa nusu na ukungu. Rudia hatua ya 5 na ya 6 mpaka vidole vifanye vyenyewe, maana kule utakuwa umekufa ganzi kwa baridi.

Hatua ya 2: Chagua siku

Mvua kubwa huko ni kuanzia Juni mpaka Septemba. Ukungu upo tele, ila unaweza kukaa kutwa nzima usione hata bati. Oktoba na Novemba anga ni safi mno kwa kazi yetu. Mimi napenda pembezoni mwa mvua, Mei au mwisho wa Septemba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi jua likianza kupasha miteremko, ukungu hupanda kutoka bondeni vipande vipande. Hivyo vipande ndivyo tunavyovifuata. Saa moja asubuhi uwe umeshaanza kupanda.

Hatua ya 3: Punguza mzigo

Unaanzia kama mita 2,600 na hekalu liko mita 3,120. Aliyezoea kuishi usawa wa bahari, kama sisi wa Dar, mapafu yatamkumbusha. Kuna farasi wa kukodi, lakini wanakufikisha kwenye mgahawa wa nusu njia tu, na kushuka ni kwa miguu yako. Mimi nabeba lenzi ya milimita 24-70 ya kupiga kwa upana, ya 70-200 ya kuvuta vya mbali, stendi nyepesi, mfuko wa plastiki wenye zipu, vitambaa viwili laini vya kufutia kioo, na kipande cha khanga kuukuu cha kukaushia mwili wa kamera. Hakuna kitambaa kinachonyonya maji kama khanga iliyofuliwa miaka kumi, ila usiiguse nayo lenzi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu baridi huzimaliza upesi. Droni iache nyumbani.

Hatua ya 4: Tafuta pa kusimama

Pale mgahawani utaliona hekalu kutokea chini. Piga mbili tatu, kunywa chai, endelea. Mahali penyewe ni ukingo wa upande wa pili wa korongo, karibu usawa mmoja na hekalu, kabla ngazi hazijaanza kushuka kuelekea kwenye maporomoko. Watu hupapita mbio kuwahi kuingia. Wewe kaa.

Ukungu hufuta umbali, kila kitu kikawa bapa kama karatasi. Kwa hiyo weka kitu cheusi karibu nawe: tawi la msonobari lenye kuvu mwani zinazoning'inia kama ndevu, au kamba ya bendera za sala. Macho yataanzia hapo, yavuke weupe, yafike kwenye jengo. Na usilijaze hekalu kwenye fremu. Uachie ukungu nafasi kubwa kuliko roho yako inavyotaka.

Hatua ya 5: Ongeza mwanga

Hapa ndipo picha nyingi hufia. Kipima mwanga cha kamera kimeundwa kudhani kwamba dunia yote ni ya kijivu. Ukikipa weupe mtupu, kinaona mwanga umezidi na kuupunguza, na ukungu uliokuwa mweupe kama uji wa mchele unatoka kama uji wa ulezi. Kwa hiyo bonyeza kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze +1. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini: kilima kisogee kulia, lakini kisigonge ukuta. Kikigonga, shusha mpaka +0.7.

Ukuta mweupe ndani ya ukungu mweupe hupotea, na hilo lisikutishe. Ule mkanda mwekundu wa udongo chini ya paa, pamoja na dhahabu ya paa zenyewe, vinatosha kulichora jengo. Mimi huanza na f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Ukiwa na stendi unaweza kushusha kasi zaidi, ukungu uyeyuke kama maziwa. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi nataka kingo zake zionekane, kwa hiyo sishuki chini ya 1/60. Piga faili za RAW, yaani ghafi, ambazo kamera haijazibana. Flashi usiiwashe kabisa, itamulika matone yaliyo mbele yako tu, uambulie madoa.

Hatua ya 6: Lenga kwa mkono

Kamera ikijilenga yenyewe (ikitafuta fokasi) ukunguni huhangaika mbele na nyuma, haina pa kushika. Subiri upenyo, lenga pale paa linapokutana na ule mkanda mwekundu, kisha hamia kwenye ulengaji wa mkono na usiguse pete ya lenzi tena. Ukungu ukifunga na kufungua, wewe uko tayari. Ukivuta lenzi karibu au mbali, lenga upya.

Hatua ya 7: Subiri, na ufute lenzi

Niliwahi kukaa saa mbili nikapata kama sekunde arobaini za kazi. Fremu nzuri haikuwa ile ya hekalu zima, ilikuwa ya paa moja na dirisha nusu. Na safari nyingine nilipoteza asubuhi nzima kwa tone moja katikati ya kioo ambalo sikuliona. Siku hizi nafuta kila baada ya dakika tano, hata kama naona pasafi.

Hatua ya 8: Langoni

Kamera, simu na mabegi vyote hubaki mlangoni. Ndani hakuna picha, usijaribu hata kuomba. Vaa mikono mirefu na suruali. Jengo la kwanza lilijengwa mwaka 1692, likaungua 1998, na ukarabati ukakamilika 2005. Ingia ulitazame kwa macho tu.

Ukirudi kwenye chumba chenye joto, ifungie kamera kwenye ule mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, uiache nusu saa. Hewa ya joto yenye unyevu ikikutana na kioo cha baridi hutoa jasho, mpaka ndani ya lenzi.

Hatua ya 9: Kusafisha picha kwenye kompyuta

Programu nyingi zina kitelezi cha kuondoa ukungu. Hukupanda mlima wote ule ili uje uufute mezani. Kivute 5 au 10 kwenye hekalu tu, ongeza weusi kidogo kwenye tawi la mbele, ubuluu uache kama ulivyo. Halafu mimi huipunguza picha iwe ndogo kama stempu kwenye simu. Kama paa bado linaonekana, nafunga kompyuta.