Kuunganisha ontolojia za mantiki tofauti: mfano wa vituo vya afya na wilaya

Tuseme una ontolojia mbili, yaani maelezo rasmi ya vitu na uhusiano wao yanayosomeka na kompyuta. Ya kwanza, iliyoandikwa kwa OWL (lugha ya ontolojia za wavuti), inaeleza vituo vya afya vya Uganda: Kituo cha Afya II ni cha ngazi ya parishi, III cha kaunti ndogo, IV cha kaunti. Ya pili, iliyoandikwa kwa mantiki ya predikati (predikati ni sifa ya kitu au uhusiano wa vitu), inafuatilia mipaka ya wilaya. OWL hukubali uhusiano wa vitu viwili tu, ilhali mipaka yetu inadai vitatu, yaani kituo, wilaya na wakati. Kwa maana kituo kilichoko Isingiro kilihesabiwa kuwa cha Wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005, Isingiro ilipofanywa wilaya, ingawa hakikuhamishwa.

Usiiandike upya ontolojia yoyote kwa mkono. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nakala mbili zikianza kutofautiana, ni vigumu kujua ipi ndiyo ya kuaminiwa. Tumia DOL, lugha ya kuunganisha ontolojia iliyosanifiwa na OMG (shirika la viwango vya programu), ambayo huacha kila ontolojia katika mantiki yake na kutaja tafsiri ya kuipeleka katika mantiki nyingine.

Tafsiri huanzia kwenye mantiki yenye uwezo mdogo kwenda kwenye yenye uwezo mkubwa: kila kundi la OWL huwa predikati ya nafasi moja, na kila uhusiano huwa predikati ya nafasi mbili. Kisha andika kanuni ya kiungo: kituo kiko katika wilaya fulani, kwa maana ya OWL, ikiwa na ikiwa tu kiko humo, kwa maana ya ontolojia ya pili, katika wakati unaoitwa «sasa».

Majina ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mbarara ni wilaya, na tangu 2020 ni jiji pia. Ontolojia moja ikilitumia jina hilo kwa wilaya na nyingine kwa jiji, na kanuni zako zikisema kwamba hakuna wilaya iliyo jiji, muungano mzima utajipinga, na kutoka humo lolote litathibitika. Yape majina tofauti kabla ya kuunganisha.

Hatimaye kagua kama kanuni zinajipinga, kwa programu ya Hets, inayosoma DOL. Kagua kwanza sehemu ya OWL peke yake, kwani huko jibu hupatikana daima iwapo muda unatosha. Muungano wenyewe upelekwe kwa kithibitishi (programu inayotafuta uthibitisho) kama SPASS, ukiwekewa kikomo cha muda, na kikomo kikifika bila jibu, usihesabu kwamba mgongano haupo.