Kabla ya kununua IST ya fowili, inama uchungulie chini

Ndugu zangu wa Mwanza mnaopanda Isamilo na Bugarika, mnajua mvua ikinyesha vile vilima vya mawe vinavyoteleza. Kama unatafuta gari dogo lililotumika linalovuta tairi zote nne, yaani fowili, usitosheke na neno la dalali. Toyota IST nyingi huvuta mbele tu. Soma namba ya chasisi: kwa IST za toleo la kwanza, NCP65 ndiyo fowili, NCP60 na NCP61 siyo.

Kisha inama. Uione propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, ikienda hadi difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, maana ikichomolewa gari linaendelea kutembea kwa tairi za mbele, na wewe barabarani hutajua. Angalia na kutu. Fowili nyingi zilitumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako humwaga chumvi barabarani.

Tairi ziwe saizi moja, zimeisha kwa kiasi kinachokaribiana. Ukichanganya mpya na vipara zinazunguka kwa kasi tofauti, na anayeumia ni difu.

Mwisho mimi hutafuta lami tambarare, nakata usukani hadi mwisho na kuzunguka taratibu. Likijivuta kama limeshikwa breki, au likigonga chini, naliacha hata bei iwe tamu vipi.